Sira za Chuma: Uhakiki wa Utanzu Usio na Jina

Upo utanzu mmoja wa maandishi ambao wahakiki wa fasihi wameuacha upite mlangoni mwao bila ya kuukaribisha. Nao ni sira ya gari. Sikusudii historia ya kampuni fulani, wala maelezo ya aina fulani ya gari na nguvu za injini yake. Hayo yameandikwa mengi, na mengi yake hayasomeki mara ya pili. Nakusudia maisha ya gari moja tu, lenye nambari yake peke yake, tangu siku lilipotoka kiwandani Milano, Modena, Maranello au Sant'Agata, likapita mkono hadi mkono, likabadilishwa rangi, likagongwa, likasahauliwa bandani, likafufuliwa, mpaka hapo lilipo leo. Waandishi wa sira hizi ni wapenzi wa magari ya mbio na ya fahari ya Kitaliano, aghalabu watu wenye kazi nyengine za kuwalisha, ambao kwa miaka thalathini au arubaini wamekuwa wakiandika barua, wakifungua madaftari ya usajili, wakiwatafuta wajane wa madereva, na kulinganisha picha za zamani kwa kioo cha kukuzia.

Nasema zinastahiki kuhakikiwa kama fasihi, maana zina fani yake, tena fani kali. Kila sira huanza kwa nambari, kisha tarehe ya kukamilika, rangi ya mwanzo, jina la mnunuzi wa kwanza na mji wake. Baada ya hapo huja maisha yenyewe: mashindano, nafasi iliyoshikwa, ajali, fundi aliyetengeneza, kuuzwa, kuvuka bahari, kuuzwa tena. Sentensi ni fupi, nyengine hazina hata kitenzi. Mwandishi hujificha. Sifa na mapambo hutupwa nje. Mtu aliyezoea tenzi ataona kitu anachokijua katika mpangilio huu, kwa kuwa hata hapa kanuni ni kubana, na kila mstari una kazi yake. Na katikati ya mistari hiyo hutokea pengo: gari limeuzwa mwaka fulani, na mstari unaofuata ni miaka kumi na mitano baadaye, bara jengine, rangi nyengine, injini si ile. Hapo ndipo mwandishi hupimwa. Je, ataliacha pengo lionekane kuwa ni pengo, au atalifunika kwa "inasemekana"?

Swali hili lingekuwa la starehe tu lau si fedha. Mwezi wa Agosti 2018, huko Monterey katika jimbo la California, Ferrari 250 GTO yenye nambari 3413GT iliuzwa mnadani kwa dola za Kimarekani milioni 48.4. Mwezi wa Novemba 2023 nduguye, nambari 3765, akauzwa New York kwa dola milioni 51.7. Chuma cha namna hiyo, na bati la alumini la namna hiyo, vinaweza kufuliwa upya na mafundi wa Modena kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Kilicholipiwa ni sira. Sira ikiwa na ufa, bei hushuka. Na penye bei kama hizi hapakosekani mtu wa kuuziba ufa. Kwa hiyo mwandishi wa utanzu huu huandika huku muuzaji akimchungulia begani, jambo ambalo watunzi wetu wa mashairi, kwa bahati yao au kwa msiba wao, hawajapata kulionja.

Nambari ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote, nayo inahitaji kusomwa kwa hadhari. Hugongwa kwa nyundo na muhuri wa chuma juu ya chesisi, na nambari ya injini hugongwa juu ya injini. Ferrari ya zamani zile ilikuwa na desturi ya kuyapa magari ya barabarani nambari witiri, na yale ya mashindano matupu nambari shufwa. Sasa, magari ya 250 GTO yalitengenezwa 36 kati ya 1962 na 1964 (wengine huhesabu 39, kwa kuyaongeza matatu yenye injini ya lita nne), na yote yana nambari witiri. Sababu ni kwamba kanuni za mashindano ziliyataka yahesabiwe kuwa ni magari ya kusafiria, ingawa hapakuwa na mtu Maranello aliyedhani kwamba yangebeba masanduku ya familia iendayo likizo. Basi hata kabla ya gari halijatia mpira barabarani, nambari yake imekwisha kusema jambo ambalo si kweli kabisa.

Penye timu za mashindano mambo yalikuwa mazito zaidi. Maserati 250F, gari ambalo Juan Manuel Fangio alilitumia kutwaa ubingwa wa dunia wa 1957, limewatesa watafiti kwa muda mrefu kwa sababu nambari zilikuwa zikihama kutoka gari moja hadi jengine. Karatasi za forodha zimekwisha kuandikwa kwa nambari fulani, na gari lenye nambari hiyo limevunjika; basi jengine hupewa jina la marehemu likavuka mpaka. Wasomaji wa pwani wanaoikumbuka Safari Rally wanalo gari lao la kufikiria hapa, nalo ni Lancia Stratos. Katika Safari ya 1975 Sandro Munari alishika nafasi ya pili kwa Stratos na Björn Waldegård nafasi ya tatu kwa Stratos nyengine, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Atakayetaka leo kujua gari lile la Munari lililokula vumbi la Kenya liko wapi atakabiliwa na tatizo hilo hilo, maana timu za rali nazo zilizoea kuhamisha pleti namba na karatasi kutoka bodi iliyochoka hadi bodi mpya. Kuna pleti iliyokwenda Kenya, kuna bodi iliyokwenda Kenya, kuna injini iliyokwenda Kenya. Si lazima zote ziwe zimelala chumba kimoja.

Tena yapo magari yaliyotenganishwa na injini zao kwa sababu ya umaskini tu, au tuseme kwa sababu ya bei za spea. Katika Marekani ya miaka ya 1950 na 1960, gari la mashindano la Kitaliano lililokwisha msimu wake lilikuwa ni chombo kilichopitwa, na injini yake ikifa, ilikuwa rahisi zaidi kulitia injini ya Chevrolet kuliko kungoja vyuma kutoka Italia. Injini ya asili ilibaki kwenye kona ya gereji, au ikatiwa katika gari jengine, au katika mashua. Miaka arubaini baadaye, mtafiti huandika kwa furaha ya kweli kwamba chesisi iliyokuwa nchi moja na injini iliyokuwa nchi nyengine zimekutanishwa. Nimesoma mistari kama hiyo nikaona kwamba ndipo pahala pekee ambapo mwandishi wa sira hujiruhusu kitenzi chenye hisia.

Msomaji wa jarida la mashairi hatashangazwa na haya. Mashairi ya Muyaka bin Haji yametufikia kwa kazi ya Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyeyakusanya; kutoka kwake yakapita kwa mmisionari W. E. Taylor, na kutoka makaratasi ya Taylor yakachapishwa na W. Hichens mwaka 1940. Ni mikono mitatu baina yetu na mtunzi, na kila mkono umeacha alama ya kidole. Anayelihakiki shairi la Muyaka bila ya kuijali mikono hiyo huwa anahakiki asichokijua. Nimeutaja mfano huu kwa ajili ya mbinu tu, ili ionekane kwamba mwenye kufuatilia chesisi na mwenye kufuatilia mswada wanafanya kazi moja kwa zana mbili. Narudi kwenye magari.

Kitabu ninachokiweka juu ya vyengine katika utanzu huu ni *The Immortal 2.9* cha Simon Moore, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1986 na baadaye kikarudiwa na kupanuliwa. Mada yake ni Alfa Romeo 8C 2900, magari machache yaliyotengenezwa Portello, Milano, katika nusu ya pili ya miaka ya 1930. Injini yake ilikuwa na silinda nane zilizopangwa mstari mmoja, nayo ilitokana na kazi ya mhandisi Vittorio Jano katika magari ya Grand Prix. Mengi yalivishwa bodi na Carrozzeria Touring ya mji huo huo. Aina hii ilishinda Mille Miglia, yale mashindano ya maili elfu moja juu ya barabara za kawaida za Italia, mwaka 1936, 1937 na 1938. Kisha, baada ya vita, mwaka 1947, Clemente Biondetti na Emilio Romano wakashinda tena kwa gari la ukoo huo huo ambalo kwa umri wa magari ya mashindano lilikwisha kuwa kikongwe.

Ugumu wa Moore ulikuwa huu. Kiwanda cha Portello kilipigwa mabomu mwaka 1943 na 1944. Wanunuzi wa magari walikuwa wametawanyika Ulaya nzima, Uingereza, Marekani, na Argentina. Vita vilibadilisha mipaka, majina na wenye mali. Mtafiti hakuwa na daftari moja la kufungua akayakuta yote. Lakini Italia ina kitu ambacho wapenzi hawa hukitaja kwa heshima, nacho ni daftari la umma la magari lililoanzishwa mwaka 1927, ambamo kila kuuzwa kwa gari huandikwa. Na kwa kuwa pleti za Italia kwa miongo mingi zilifungamana na mkoa, gari lililohama kutoka Milano kwenda Bologna lilibadilishiwa pleti, na kila badiliko liliacha karatasi. Karatasi, picha, barua za wazee, hesabu za wauzaji: kwa vifaa hivi Moore alijenga maisha ya gari moja baada ya jengine.

Ninachokisifu ni adabu yake mbele ya ushahidi unaogongana. Gari linalodaiwa na watu wawili hupewa nafasi ya madai mawili. Bodi iliyohamishwa kutoka chesisi moja hadi nyengine hufuatwa kama bodi, na chesisi hufuatwa kama chesisi, hata kama hadithi moja nzuri ikavunjika na kuwa hadithi mbili za wastani. Nathari yake ni kavu. Asiyependa magari atasinzia kabla ya kurasa ishirini, na sitamlaumu. Lakini ukavu huo una uaminifu ndani yake, kama ule wa mwandishi wa fatwa ambaye hatii neno asiloweza kulitolea shahidi. Kazi yake ya baadaye kuhusu 8C 2300, *The Legendary 2.3*, iliyotoka katika juzuu tatu mwaka 2000, ni ya mkono ule ule. Kabla yake Jess Pourret alikwisha kufungua njia kwa upande wa Ferrari mwaka 1977, na Marcel Massini wa Uswisi akaifuata katika kitabu chake cha 1993 kuhusu Ferrari zilizovishwa bodi na Vignale. Massini sasa anajulikana zaidi kwa ripoti zake ambazo wauzaji huziambatanisha na magari mnadani, na hapo tayari tumeshaingia upande wa pili wa barabara.

Kabla ya kuvuka, neno moja kuhusu picha. Katika karakana ya Sergio Scaglietti huko Modena, zilikovishwa bodi zile 250 GTO, alumini ilifuliwa kwa mkono, na macho ya fundi yalitangulia mchoro. Kwa hiyo hakuna magari mawili yanayofanana kabisa. Tundu la hewa la gari moja limekaa chini kidogo, ribiti za jengine zina nafasi tofauti, taa imeinama. Wapenzi huzisoma tofauti hizi kama vile mjuzi wa hati anavyoutambua mkono wa mnakili kwa mkia wa herufi. Mimi naona kwamba katika eneo hili utanzu umetoa usomaji wa karibu ambao wahakiki wengi wa riwaya hawaufikii.

Mfano mzuri ni Lamborghini Miura ya rangi ya machungwa inayoonekana mwanzoni mwa filamu *The Italian Job* ya mwaka 1969. Gari linapanda milima katika njia ya Great St Bernard, likiendeshwa katika hadithi na Rossano Brazzi, kisha linaingia handakini na kugongana na buldoza. Kwa kweli yalitumika magari mawili: moja zima kwa ajili ya kuendeshwa, na jengine la rangi ile ile lililokwisha kuharibika katika ajali kabla ya filamu, likatumika kwa kuvunjwa. Zima lilirejeshwa, likauzwa kama jipya, likapotea miongoni mwa watu. Likawa lipi? Anayeiangalia filamu kwa makini ataona viti vyeusi lakini viegemeo vya kichwa vyeupe. Enzo Moruzzi, mfanyakazi wa Lamborghini aliyelipeleka gari mlimani na kuliendesha mbele ya kamera, ameeleza sababu: gari lilikuwa na viti vya ngozi nyeupe, ikaogopwa vingeharibika, vikatolewa kiwandani na kutiwa vyeusi vya majaribio, lakini viegemeo vilikuwa vimefungwa kwenye kioo cha nyuma, vikaachwa. Mwaka 2019, filamu ilipotimiza miaka 50, Lamborghini ilitoa cheti kwamba gari lile ni chesisi nambari 3586. Napenda kwamba ushahidi mmojawapo ulikuwa kumbukumbu ya mfanyakazi kuhusu kipande cha ngozi nyeupe.

Sasa katalogi za minada. Hizi ni sira pia, na wengi huziona sira bora zaidi kwa kuwa zimechapishwa kwa karatasi nzito. Mimi naziona ni tanzu mbili tofauti zilizovaa kanzu moja. Tuchukue Ferrari 250 GT California Spider nambari 2935GT. Mwaka 2014 iligunduliwa Ufaransa katika mabanda ya shamba, miongoni mwa magari takriban 60 yaliyokusanywa na Roger Baillon, mfanyabiashara wa uchukuzi, tangu miaka ya 1950 na kuachwa yaliwe na unyevu. California ilikuwa imefunikwa na marundo ya magazeti. Hapo nyuma ilikuwa ya mchezaji filamu Gérard Blain, kisha ya Alain Delon, na zipo picha za Delon ndani yake. Mwezi wa Februari 2015 iliuzwa Paris kwa zaidi ya euro milioni 16, ikiwa na vumbi lake.

Vumbi! Waandaaji hawakulisafisha, na kila picha iliyosambazwa ilihakikisha tunaliona. Katika mkono wa Moore vumbi lingekuwa habari moja, kwamba gari halikuguswa kwa miaka kadhaa. Katika mkono wa muuzaji likawa taswira, na taswira ikawa bei. Miaka ambayo gari lilikaa gizani ndiyo pengo la sira, lakini pengo hili lilipakwa rangi ya mapenzi: gari lilikuwa "limelala". Gari halilali. Liliachwa na mtu aliyepungukiwa na fedha, na sehemu ya mkusanyiko wake ilikwisha kuuzwa kwa sababu hiyo. Sira ya shida za mtu huyo ingekuwa na uzito kuliko jina la Delon, na huo ndio ukurasa ninaoona ulistahiki kuandikwa kwa urefu.

Cheti cha kiwanda kina kosa la namna nyengine. Ferrari ilianzisha idara yake ya magari ya kale mwaka 2006, na kazi yake mojawapo ni kuthibitisha kwamba chesisi, injini, giaboksi na bodi ni vile vilivyokuwa siku ya kuzaliwa, au vinalingana navyo. Karakana hiyo huweza hata kusubu upya vyuma vilivyopotea. Nia ni kuzuia udanganyifu, na udanganyifu upo. Lakini tazama dhana iliyojificha: gari la kweli ni gari la siku ya kwanza, na yote yaliyofuata ni uchafu wa kuoshwa. Lau tungefanya hivyo kwa shairi, tungefuta kila beti aliyoirekebisha mtunzi mwenyewe uzeeni.

Lile gari la dola milioni 48.4 ni jawabu tosha. Nambari 3413GT ilizaliwa 1962 na bodi ya mwaka huo. Edoardo Lualdi-Gabardi aliiendesha akatwaa ubingwa wa Italia wa daraja lake. Kisha ikapita kwa Gianni Bulgari na Corrado Ferlaino, na mwaka 1964 Scaglietti akaivisha bodi mpya ya mtindo wa mwaka huo, bodi iliyobaki nayo hadi ilipouzwa 2018. Nguo hiyo ya pili ni sehemu ya maisha yake, na mnunuzi hakuona haya kuilipia. Wanaovua bodi za pili ili kurejea kwenye za kwanza, mara nyingi bodi mpya kabisa iliyofuliwa kufuata picha, huishia na gari lisilowahi kuwako.

Mwezi wa Juni 2019 mahakama ya Bologna ilikubali hoja ya Ferrari kwamba umbo la 250 GTO ni kazi ya sanaa yenye kulindwa, ikaizuia kampuni moja ya Modena kutengeneza nakala. Mwaka uliofuata ofisi ya alama za biashara ya Umoja wa Ulaya iliifuta sehemu kubwa ya haki ya Ferrari ya kulisajili umbo hilo kuwa alama yake, kwa kuwa haikulitumia kwa miaka mingi, isipokuwa kwa magari ya watoto ya kuchezea. Wanasheria watatueleza kwamba hukumu hizi mbili hazipingani. Mhakiki huona tu kwamba kitu kimoja kimekuwa sanaa mbele ya mlango mmoja na sanamu ya kuchezea mbele ya mwengine, na kwamba hakuna mlango ulioulizwa kuhusu sira.

Na sira ndiyo iliyokuwa mzozoni katika kesi ya Ferrari 375 Plus nambari 0384AM, gari la aina ile iliyoshinda Le Mans 1954 kwa mikono ya González na Trintignant. Lilikuwa limeachwa Ohio, likaibwa katika miaka ya 1980, likajitokeza Ubelgiji. Kwa miaka mingi upande mmoja ulikuwa na chesisi, na upande mwengine ulikuwa na baadhi ya vyuma na karatasi za umiliki. Nani alikuwa na gari? Liliuzwa Goodwood, Uingereza, mwaka 2014 kwa pauni milioni 10.7, na badala ya mnada kumaliza ugomvi, ugomvi ulihamia mahakama ya London. Nimelitaja kwa sababu linafichua kwamba neno "gari" katika sira hizi ni neno la kifasihi. Sehemu zikitawanyika, ni maandishi tu yanayozishikilia pamoja.

Kisha lipo suala la 0846, ambalo kwangu ni kitendawili kizuri kuliko vyote. Hii ilikuwa Ferrari ya mashindano ya aina ya P3 iliyogeuzwa kuwa P4. Mwezi wa Februari 1967 Lorenzo Bandini na Chris Amon walishinda nayo saa 24 za Daytona, huku Ferrari zikishika nafasi tatu za mwanzo. Miezi minne baadaye iliungua Le Mans. Kwa kauli ya Ferrari, chesisi yake ilitupwa. Mwaka 2000 au karibu yake James Glickenhaus, Mmarekani aliyekuwa mwongozaji filamu na baadaye mtengenezaji magari, alinunua kwa dereva wa zamani David Piper gari lililodhaniwa kuwa nakala. Alipolichunguza, akasadiki kwamba mabomba ya chesisi yale ni ya 0846 yenyewe, kwa alama za kukatwa, kuchomelewa na kurekebishwa kutoka P3 kwenda P4. Ferrari haikulikubali dai hilo.

Sina haja ya kuamua baina yao. Kinachonivutia ni aina ya hoja. Upande mmoja unasema: daftari letu limeandika kwamba imekufa. Upande mwengine unasema: soma mwili, makovu yako hapa. Ni ule ubishi wa wahariri wa miswada baina ya ushahidi wa nje na ushahidi wa ndani, umehamia kwenye mabomba ya chuma. Na Glickenhaus amelichapisha dai lake pamoja na picha za viungo, mtu apinge akitaka. Hata akiwa amekosea, hiyo ndiyo namna ya kukosea.

Nimeusifu utanzu huu kiasi cha kutosha. Una dhambi moja ambayo hata walio bora hawakuepukana nayo. Sira ya gari ni sira ya wenye gari. Anayelipa huandikwa. Fundi aliyelifua bati kwa siku arubaini hana jina, isipokuwa jina la mwenye karakana. Mpishi aliyelinda ufunguo wa banda, dereva wa lori aliyelivusha milima, mke aliyekataa lisiuzwe, wote hawa hupita nje ya mstari. Mfano ni 250 GTO nambari 3589GT. Ilikimbia Uingereza mwaka 1962 mikononi mwa Mike Parkes. Ikavuka kwenda Texas. Ilipokwisha kuwa gari la jana, mwenyewe aliitoa kwa skuli ya sekondari ya mji wa Victoria katika jimbo hilo, wanafunzi wa ufundi wajifunzie, na ikatembezwa katika maandamano ya mji. Mwaka 1972 skuli iliiuza kwa dola 6,500, na aliyeinunua akaiacha miaka mingi juu ya tela kiwanjani Ohio, mvua na theluji zikiishukia.

Katika sira nilizozisoma za gari hili, miaka ya Parkes ina mashindano yake yote, moja moja, na nafasi iliyoshikwa. Tela la Ohio limepigwa picha kwa pembe zote, kwa kuwa ni ajabu. Miaka ya skuli ina mstari mmoja. Wale vijana waliofungua kabureta zake sita kwa mikono yao, wakazifunga tena kwa amri ya mwalimu, sasa ni wazee. Baadhi yao lazima wanakumbuka ni boliti ipi iliyokuwa ikigoma. Sijaona mtafiti aliyewauliza.